Kule Siharibu

Somoe, mama yangu,

Watu huanza barua kwa kuulizana hali, lakini hali yako naisikia kutoka hapa nilipokaa. Uko ng'ambo ya njia, kwa Mama Neema, unacheka. Bibi yako anacheka pia, na Mama Neema anawashinda nyote wawili. Mvua imepungua juu ya bati, ndiyo maana nawasikia. Kesho asubuhi unapanda gari kwenda Newala kuanza kidato cha kwanza, na leo, siku yako ya mwisho hapa Likombe, Mtwara, umeomba ukalale kwa jirani kwa sababu bibi amefikia huko. Nikasema sawa. Nilisema haraka mno, kama mtu anayeitikia jambo ambalo hajalisikia vizuri.

Sitakuandikia habari za ndoo na sabuni na kufuli la tranka. Hayo bibi amekwisha kukuambia, tena kwa vitisho vya kutosha. Nataka kukuandikia juu ya neno ulilolisema juzi.

Tulikuwa tunakunja sare. Ukasema, kwa ile sauti yako ya chini ambayo mtu lazima ainame ili aipate, "Mama, shule ikifungwa, naweza kushukia kwa bibi moja kwa moja?"

"Kwa siku mbili tatu?"

"Likizo yote."

"Kwa nini?"

Ukalainisha marinda ya sketi kwa kiganja. "Kule siharibu."

Hukusema kwa uchungu. Ulisema kama mtu anayetaja kwamba kule kisima kiko karibu. Kisha ukaniuliza kama soksi nyeupe zinatosha, nikasema zinatosha. Swali lako la kwanza sijalijibu mpaka sasa, nawe hujaliuliza tena, kwa sababu nimekulea usiulize mara mbili.

Neno hilo ni langu. Nililitoa kinywani mwangu nikakupa, na nilikuwa nalitumia kikazi. Msomaji akiwa anarekodi, kikatokea kishindo, pikipiki au kikohozi, sentensi ile huhesabika imeharibika, inarudiwa. Ndivyo tunavyosema sisi wa kazi hii. Kwa hiyo kila mlango ulipolia, kila kijiko kilipokuponyoka, nilitoa kichwa nje ya chumba changu cha kurekodia nikasema, "Somoe, umeharibu," nikarudi ndani kuanza upya. Sikuwa na hasira. Nilikuwa naizungumzia sentensi. Sikujua kwamba wewe hukuwahi kuiona hiyo sentensi, ulikuwa unajiona wewe.

Nataka ujue jinsi chumba kile kilivyoanza, maana ulikuwa mdogo, na huenda unadhani kilikuwepo siku zote.

Nilikuzaa nikiwa chuo, unajua. Baba yako akaenda na maisha yake, hilo tumekwisha kulizungumza na sina la kuongeza. Bibi akakuchukua, akakulea kule njia ya Kilambo, kwenye mihogo na mikorosho yake, mpaka nilipomaliza masomo na kupata ajira mjini. Nilipokuja kukuchukua ulikuwa unazungumza bila kituo. Ndani ya gari ulimweleza kondakta habari za mbuzi wa bibi tangu tunapanda mpaka tunashuka. Kondakta akaniambia, "Dada, huyu mpeleke bungeni."

Basi nikawa naondoka asubuhi umelala, narudi jioni umelala. Binti aliyekuwa anakushika ndiye aliyejua kwamba hupendi bamia. Nikajiambia, hapana, nitafute kazi ya kufanyia nyumbani, niwe karibu na mwanangu. Nilikuwa nimepata kusomea watu matangazo mawili matatu, wakaipenda sauti. Nikaacha ajira. Leo mtu akipiga simu kwenye ofisi fulani za Dar es Salaam, anayemwambia "tafadhali subiri" ni mimi. Nasoma masomo ya redio, vitabu vya kusikiliza, matangazo ya sabuni. Kazi ya mtu mmoja, kompyuta na maikrofoni, bila bosi. Na yote haya, mama, niliyaanza kwa ajili ya kuwa karibu na wewe. Usinicheke. Au nicheke, una haki.

Nyumba ina vyumba viwili, na chako ndicho kilichokuwa mbali na barabara. Nikakuhamishia kwangu. Nikazunguka kwa wakaanga chipsi kuomba trei tupu za mayai, nikazibandika ukutani kuua mwangwi, na ndani ya wiki mende wote wa Likombe walikuwa wamepata makazi. Nikatundika mablanketi dirishani. Feni ilikuwa na mlio, nikaizima, nikawa nasomea watu habari za upepo mwanana huku jasho likinitiririka mpaka kwenye nyayo. Mwangwi haukuisha. Mtu mmoja wa kazi hii akaniambia kwa simu, weka godoro. La kwangu lilikuwa kubwa mno. Nikachukua la kwako, nikawa nalisimamisha ukutani mchana na kulilaza usiku.

Ukabaki mkorosho wa mwenye nyumba. Ulikuwa umeinamia bati la chumba kile, na msimu ukifika, bibo likianguka unadhani mtu kapiga ngumi darini. Nikaenda kumwomba mzee akate tawi moja. Alinitazama kwa muda, kama anayetafuta pa kuanzia kunionea huruma.

"Nikate mkorosho?"

"Tawi tu, baba."

"Kwa ajili ya redio?"

"Si redio hasa, ni kurekodi."

"Mama Somoe, mkorosho huu umenisomeshea watoto watatu. Redio yako imemsomesha nani?" Akawaita na wake zake waje wasikie. Mpaka leo akipita hapa huniuliza kama nimeshaleta shoka.

Mkorosho sikuweza kuunyamazisha. Mvua sikuiweza, wala Mama Neema na redio zake na ile sauti yake ya Mbeya, ambayo mumewe anasema akiwa bandarini anaisikia. Wewe nilikuweza.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na nikiiandika naiona ilivyo mbaya, lakini wakati ule sikuiona. Niliona mtoto anayefundishika. Ulijifunza kufunga mlango kwa kuweka kiganja katikati ya ubao na fremu. Ulijifunza kuweka mfuniko wa sufuria juu ya kitambaa, na kupiga chafya ndani ya mto. Marafiki zako wakaacha kuja, nikasema afadhali. Wageni waliposema, "Mtoto wako mtulivu jamani," nilijisikia nimesifiwa mimi. Na walipouliza nimefanyaje, nilicheka kwa unyenyekevu, kama mpishi anayeficha kiungo chake.

Kuna siku ya ile homa. Nilikuwa na kitabu kizima cha kumaliza. Nilipotua kidogo kufungua ukurasa nikakuona mlangoni umejitanda kanga yangu, unanyoosha kidole kwenye godoro lako lililosimama ukutani. Nikakuinulia mkono: subiri. Ukaenda kujilaza sebuleni kwenye mkeka. Nilipotoka ulikuwa unatetemeka mwili mzima, na ncha ya kanga ulikuwa umeiuma kwa nguvu. Nilidhani ni maumivu. Baadaye, ulipopata nafuu, nikakuuliza kwa nini ulikuwa unauma kanga, ukasema, "Meno yalikuwa yanagongana."

Nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta chumvi.

Mtu mwingine angebomoa chumba siku hiyo. Mimi nilinunua godoro la pili. Nilidhani tatizo lilikuwa godoro.

Halafu habari ya bibi. Nimekuwa nikikuachia uamini kwamba wewe ndiye uliyemkosea, kwa kutokusema lolote miaka yote hii. Nilikuwa nimekufundisha mambo mawili. La kwanza, kanga nyekundu ikiwa kwenye kitasa, asiingie mtu. Majirani walishasema yao, kwamba Mama Somoe kaweka mwali ndani, au kaanza uganga. La pili, mtu akipiga hodi, usiitike kwa sauti. Mfuate kibarazani, umwambie, "Mama hayupo." Nyumba yetu ikawa haisemi karibu. Nimezaliwa huku, najua nyumba isiyosema karibu huwa imefiwa au imelaaniwa, lakini nilikuwa nimesoma, nikaona ni utaratibu tu wa kazi.

Bibi akaja bila taarifa, na kapu la makopa ya muhogo na korosho alizozikaanga mwenyewe. Siku hiyo nilikuwa nasoma tangazo la nyumba ya wageni. Maneno yaliyofuata sikuyasikia mimi, aliyasikia Mama Neema, ambaye alikuwa anafua kibarazani kwake na hakuna kinachompita, na ya kunong'ona akasimuliwa na bibi.

Bibi akapiga hodi. Ukatoka, ukamshika mkono, ukamwambia kwa kunong'ona, "Shikamoo bibi. Mama hayupo."

"Marahaba. Hayupo kaenda wapi?"

Na wakati huo mimi nilikuwa ndani nasema kwa sauti ya furaha, narudia na kurudia, kwa sababu mteja alitaka tabasamu lisikike, "Karibu! Karibu sana! Hapa ni nyumbani kwako."

"Na huyu anayenikaribisha ni nani?"

"Si wewe, bibi. Ni wa tangazo."

Mama Neema anasema bibi alicheka kwanza. Alidhani ni utani wenu wa kila siku. Akakwambia, "Mke mwenzangu, unanifungia nyumba?" Nawe ukaweka kidole mdomoni. Hapo ndipo alipoacha kucheka. Akatua kapu, akakutazama vizuri kuanzia kichwani, akasema, "Ntoto huyu wamemfanya nini?" Kisha akasema neno ambalo Mama Neema alikuja kuniletea jioni na kunitupia kama maji ya vyombo: "Nwambie huyo asiyekuwepo kwamba na mimi sikuja."

Tangu siku hiyo bibi akija mjini kwa ajili ya kliniki anafikia kwa Mama Neema. Kwangu haingii. Nikienda kijijini ananipokea vizuri, ananipikia, ananiuliza habari za kazi. Nilipomwomba radhi alisema, "Kwani nilikuja?" Huwezi kubishana na jibu la namna hiyo.

Na wewe ukawa unavuka njia kwenda kumwona. Hapo nilianza kusikia kitu nilichokuwa nimekisahau. Mara moja nilikuwa nasikiliza kazi niliyoirekodi mchana, masikioni nimevaa vile vya kusikilizia, na katikati ya somo la kilimo kukatokea kicheko kwa mbali. Kicheko kirefu, cha mtu aliyeishiwa pumzi. Nilikirudia nikitafuta ni cha nani. Kilikuwa chako. Sikukijua, Somoe. Ilinibidi nikirudie mara nyingi ndipo nikakitambua. Kisha nikakikata, kwa sababu mteja alikuwa anasubiri, kama mtu anavyotoa jiwe kwenye mchele, nikaunganisha sentensi pale palipokuwa na wewe. Ninaifanya kazi hiyo vizuri. Hakuna aliyejua.

Mwalimu wako wa darasa la saba aliniita kabla ya mtihani. Akasema, "Mama, huyu ana akili, sina wasiwasi naye kwa mtihani. Ila nikimwita anijibu, anatikisa kichwa. Nyumbani mna mgonjwa?" Nikamwambia hatuna mgonjwa, mtoto ana haya. Njiani nilikuwa nawaza sentensi nitakayoisoma nikifika.

Nimeandika mpaka hapa na naona ninajipanga nionekane mama aliyebanwa na kazi. Si kweli yote. Kazi ilitulisha, ndiyo, lakini kuna kitu nilikuficha wewe, nikajificha na mimi. Nilikipenda kile kimya. Nilipofunga mlango na ile kanga ikawa nje, nilikuwa sidaiwi jibu na mtu yeyote. Nilikuwa mama nikiwa na miaka ishirini, wenzangu wakiwa kwenye mahafali na picha, mimi nina maziwa yanayovuja kwenye blauzi niliyoiazima. Chumba kile kilinirudishia kitu nilichodhani nimenyang'anywa. Siku nyingine kazi iliisha, nikabaki ndani, nimekaa tu, kanga bado iko kitasani, na wewe uko nje unanyata kwa ajili ya kazi ambayo haikuwepo.

Hilo ndilo lililonifanya nishindwe kukujibu juzi. Ungeniuliza kama kazi ndiyo ilikuzuia kusema ndani ya nyumba hii, ningeweza kuitupia kazi lawama. Ila najua haikuwa kazi peke yake.

Siku moja na wewe utataka mahali pa kufanyia kazi yako. Unachora nguo, na unachora vizuri kuliko unavyodhani. Wakati mwingine nawaza kama unapenda kuchora kweli, au ulitafuta kitu ambacho hakina sauti, ukakipata. Sijui, na sina ujasiri wa kukuuliza. Lakini ikiwa ni mapenzi ya kweli, meza utaihitaji. Naomba usinifuate mimi katika kuipanga. Mimi niliuliza ni kitu gani kitaniingilia, nikakiziba kimoja kimoja. Sikuuliza nani anaishi humu. Ningeanza na hilo, ningeona kwamba mtoto hukaa chini ya meza ya mama yake tu, hataki zaidi, na kwamba saa mbili za kimya zilizokubaliwa na wote ni nyingi kuliko mchana mzima wa kimya kilichoamriwa. Sikuweka hata kiti cha pili. Mteja mmoja alikuja siku moja kutoka Dar, nikamkalisha juu ya ndoo.

Na kule bwenini mtakuwa wengi, hakutakuwa na kona yako. Utakuwa na hamu ya kimya, najua, kwa sababu una damu yangu. Kitafute, si dhambi. Ila mtu akikuita ukiwa ndani yake, itika. Itika hata kama umekasirika. Mimi nimeona mahali mtu anapofika akianza kwa kutokuitika mara moja tu.

Siwezi kukuahidi kwamba nitaacha kazi hii. Nikisema hivyo nitakuwa nadanganya, na wewe una masikio makali kuliko mtu yeyote ninayemjua, ungelisikia hilo hata kwenye karatasi. Nitaendelea kusoma. Kesho kutwa nina somo la kutuma. Kinachonitisha ni kwamba kuanzia kesho nyumba hii itakuwa kama nilivyoitaka. Hakuna mlango utakaolia. Jana ulipokwenda kusuka nilijaribu kurekodi, na kila sentensi ilitoka safi mara ya kwanza, nikashindwa kuendelea.

Sasa nikujibu. Likizo nenda kwa bibi. Yote. Ukishuka Mtwara, usipite hapa kwanza kwa kunionea huruma, panda gari lako uende. Nimezungumza na bibi jana pale kwa Mama Neema, nikiwa nimesimama nje kama mdai. Nilimwambia umeomba, na nimekubali. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Alikwambia sababu?"

"Alisema kule haharibu."

Mikono yake ikasimama kwenye ungo. Nilisubiri aniseme, nilitaka aniseme. Akasema, "Mwanahawa, wewe kwangu ulivunja vyungu vingapi?"

"Sikumbuki, mama."

"Na mimi sikumbuki," akasema, akaendelea kupepeta.

Nimelifikiria jibu hilo tangu jana. Nilikuwa namtafutia maana ya juu, kama kawaida yangu, kumbe maana yake ni hiyo hiyo. Alivunjiwa vyungu, akasahau. Mimi nilivunjiwa sentensi ambazo leo hakuna hata anayezikumbuka, zilikuwa za sabuni, za simu, za nyumba ya wageni ambayo nasikia imefungwa, na kila moja nilikuhesabia.

Siombi urudi hapa. Ukitaka kurudi utakuja, ukikaa kule pia nitajua uko salama, na kule angalau unasema. Ninachoomba ni kidogo. Ukiwa kwa bibi, niruhusu nije. Sitakuja na kompyuta. Nitalala pale utakaponionyesha.

Mvua imekatika kabisa. Mnazungumza juu ya mtu fulani aliyeoa, nadhani, bibi anamwiga anavyotembea, na wewe unasema, "Bibi, tena, tena!" kwa sauti ambayo hata mwenye nyumba anaisikia. Maikrofoni iko mezani hapa mbele yangu, imezimwa. Sitaki kuihifadhi sauti hii. Nataka niwepo inapotoka.

Kwa hiyo naishia hapa, ingawa sijamaliza. Barua hii naitia ndani ya tranka, chini ya sare, utaikuta Newala. Utakapoisoma utajua kwa nini nilivuka njia na shuka langu begani nikamwomba Mama Neema nafasi kwenye mkeka, na kwa nini, ikiwa bibi yako atakuwa amekubali kusogea, nilijilaza kati yenu bila maelezo. Nikikoroma msinivumilie. Niamsheni kwa kelele.

Mama yako,
Mwanahawa